Maiki Inayosikia Mdomo Mmoja

Maiki yetu ya zamani ilivunjwa kwenye harusi huko Jaranwala, na chanzo alikuwa shemeji yangu Mauj Din. Mjomba wa bwana harusi, mtu wa shingo nene na pumzi ya pombe, aliagiza shairi lile lile kwa mara ya tatu. Mauj Din akamwambia akaimbiwe na mbuzi wake. Mjomba akaipiga stendi teke, Mauj Din akampiga yeye teke la tumbo, na kufumba na kufumbua viti vilikuwa vinaruka. Mimi nilipasuliwa nyusi kwa sahani ya pilau. Mmoja wa wapiga makofi wa kundi letu la muziki alivunjwa kidole. Maiki tuliikuta chini ya tairi la gari la maharusi, imelala bapa kama chapati.

Mimi naitwa Dilbar, mpiga tabla, ngoma mbili za mkono, katika kundi la kawali, nyimbo za kuwasifu mawalii. Dada yake Mauj Din nimemuoa mimi, kwa hiyo kwa miaka kumi na moja nimekula makofi ya Mauj Din kama mtu wa nyumbani. Hasira hasara, wanasema, lakini hasara zake kila siku zililipwa na nyuso za wengine.

Sasa niseme jambo ambalo nje ya kundi letu hakuna aliyelijua. Sauti ya juu ya Mauj Din ilikufa miaka minne iliyopita, baada ya homa ya matumbo. Chini bado ilikuwa nzito na tamu. Ikipanda, ilikwaruza kama chura. Mdogo wake Tufail ndiye aliyeiokoa nyumba. Yeye huketi ubavuni mwa kaka yake, nyuma ya bega kidogo. Inapofika sehemu ya kupanda, Mauj Din huinua mkono, hufungua kinywa, hufumba macho, na anayeimba ni Tufail. Maiki ni moja, kwa hiyo sauti ni moja. Watu walilia, wakaja kuubusu mkono wa Mauj Din, na Tufail naye akaubusu.

Ndiyo maana hatukutaka maiki mbili. Na ndiyo maana tulihitaji moja haraka, kwa sababu Ijumaa ilikuwa hauli ya walii Baba Toti Shah. Hapo kwenye ziara yake, alipozikwa, kawali hufunguliwa na ukoo wa kina Mauj Din tangu enzi za babu yao. Kundi la Bhola lilikuwa limemganda khalifa, msimamizi wa ziara, mwaka mzima likitaka nafasi hiyo. Tukiharibu siku moja tu, imekwenda.

Jumatano tukaenda mtaa wa redio, nyuma ya Mnara wa Saa hapa Faisalabad, sisi watatu. Hatujafika hata mlangoni, dereva wa rikisha akakanyaga kiatu cha Mauj Din.

"We, una macho au una vifungo?"

"Kiatu chako ndicho kilichokuwa barabarani, mzee."

"Mzee babako."

Ngumi ya kwanza ilimtoa dereva kwenye usukani. Ya pili ilimkuta anainuka. Marafiki zake wawili wakaja na spana, Mauj Din akamnyang'anya mmoja na kumtwanga nayo mkononi, mfupa ukalia. Mimi na Tufail tukaingia dukani, maana mwenye hekima hasimami karibu na shemeji yake akiwa na spana.

"Kaka yenu anaua mtu huko nje," akasema mwenye duka, Hajji Barkat, bila kuacha chai yake.

"Bado," akasema Tufail. "Akiua huwa anatuita."

Nikamwambia Hajji tunataka maiki ya kuimbia, ya jukwaani na ya mazoezi, ya bei ya watu kama sisi. Akapanga tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa ya ng'ambo, halisi, rupia elfu ishirini na tano.

"Irudishe ndani, Hajji, kabla sijaipumulia ukanidai."

Ya pili ilikuwa elfu tatu. Hiyo, alisema, inasikia pande zote. Alipoiwasha ikasikia mpaka spika yenyewe, ikapiga yowe nikaziba masikio. Ya tatu ilikuwa elfu sita na nusu, nyeusi, nzito, imekaa vizuri mkononi.

"Hii ina adabu," akasema Hajji. "Inamsikia aliye mbele yake tu. Haipigi yowe. Hata mkeo akikutukana pembeni, spika hazitajua."

Nikacheka. Nikafikiria tabla yangu, ambayo kila siku ilivuja kwenye maiki ya waimbaji na kufanya vurugu. Nikafikiria makofi. Nilifikiria kila kitu isipokuwa mtu aliyesimama kando yangu. Nikasimama mbele ya maiki hiyo, nikasema halo, halo, moja mbili tatu, kama Punjab nzima inavyojaribu maiki. Sauti ikatoka safi, ya mtu mwenye heshima. Hapo ndipo nilipokosea, maana sisi hatuimbi tumesimama, wala hatuimbi mmoja mmoja.

"Shemeji," akasema Tufail, "si tukae chini, mimi na wewe, tuijaribu kama tunavyokaa?"

"Tukae wapi, juu ya hizi nyaya? Maiki ni maiki, bwana. Au unataka na zulia?"

Akacheka. Tufail akikemewa alicheka. Ndivyo alivyoishi na kaka yake. Tukailipia, tukatoka. Mauj Din alikuwa amekaa kwenye ngazi, anajifuta damu isiyo yake.

"Mmepata?"

"Tumepata, Kaka," nikasema kabla Tufail hajafungua mdomo. "Nimechagua mimi."

Alhamisi tukafanya mazoezi nyumbani, na umeme ukakatika kama unavyokatika kila siku. Tukaimba midomo mitupu, maiki imesimama katikati yetu haina kazi. Mauj Din alimrushia mpiga makofi glasi ya chuma kwa kuchelewa nusu pigo, ikampasua sikio. Tukamfunga kitambaa tukaendelea. Kila kitu kilikaa mahali pake. Tufail aliipandisha sauti ile mpaka mke wangu akaacha kukanda unga jikoni.

Ijumaa, baada ya sala, ua wa ziara ulijaa mpaka juu ya kuta. Spika nane zilikuwa juu ya paa. Bhola na watu wake walikaa safu ya tatu, wametulia kama watu wanaosubiri mirathi. Mauj Din akaanza chini, taratibu, na nasema kweli, sijawahi kumsikia safi vile. Tabla haikuvuja. Makofi hayakuvuruga. Nikajisifu moyoni, nikasema leo watajua nani anajua mitambo.

Kisha ikafika sehemu ya kupanda. Mauj Din akainua mkono, akafumba macho, akafungua kinywa.

Kwenye spika nane akatoka chura.

Nikamtazama Tufail. Mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka, anaimba kwa nguvu zake zote ubavuni mwa kaka yake. Mimi, dhiraa mbili nyuma, nilimsikia wazi. Maiki haikumsikia hata kidogo. Ilikuwa na adabu yake, inamsikia aliye mbele tu.

Hapo hapo nikajua. Ningeinama na kusema, "Ni maiki." Maneno mawili. Au ningesimamisha tabla, na tabla ikisimama kawali husimama. Lakini mwenye kuichagua nilikuwa mimi, nilijitangaza kwa kinywa changu, na niliujua mkono wa Mauj Din kuliko ninavyoujua wangu. Niliogopa. Vidole vyangu vikaendelea kupiga.

Mapigo ya tabla yakazunguka, na mzunguko wa pili akainua mkono tena. Chura. Safu ya tatu mtu akacheka.

"Imba, mbwa," Mauj Din akasema kwa pembe ya mdomo.

"Naimba, Kaka."

Mzunguko wa tatu watu wa Bhola walikuwa wanacheka waziwazi. "Mpeni maji babu yenu," mmoja akapaza. Mauj Din akaacha kufumba macho. Nilimwona akimtazama mdogo wake, na niliona anachofikiri. Alifikiri Tufail amechoka kuwa kivuli. Alifikiri amenyamaza makusudi, siku hii, mbele ya watu hawa. Na mimi nikapiga mzunguko wa nne.

Ulipoisha akageuka. Ngumi ya kwanza, yenye pete ya akiki, ilimpiga Tufail mdomoni, nikaona meno juu ya zulia. Ya pili ilimpata kooni. Haikuwa na kelele, ilikuwa kama mtu amekanyaga tikiti. Tufail akaanguka mbele, akaiangukia stendi, uso wake ukatua juu ya maiki.

"Kaka, nilikuwa naimba."

Ilitoka kwenye spika nane, imepasuka, imejaa damu, lakini juu, kule kule juu. Ua mzima ukamgeukia. Kila mtu pale alikuwa ameililia sauti ile miaka minne, na sasa wakamwona mwenyewe.

"Ni huyu," akasema mzee mmoja wa safu ya mbele. "Miaka yote hii ni huyu."

Kiatu cha kwanza kilimpata Mauj Din shavuni. Kisha zikaja fimbo. Wakampandia jukwaani, watu wale wale waliokuwa wakimbusu mkono, wakampiga kwa mateke, kwa matofali, kwa harmoniamu yake mwenyewe, kinanda cha kundi. Mimi nilishika nyundo ya kukazia tabla nikawa nagonga kila goti nililoliona, nalia, sijui nampigania nani. Tufail alitambaa. Mdomo wake ulikuwa shimo. Akalala juu ya kaka yake, na mateke mengi yaliyokusudiwa kwa mmoja yakamwingia mwingine, mpaka khalifa mwenyewe akatoka na walinzi wake.

Nafasi ya ufunguzi ilitolewa kwa Bhola kabla damu haijaoshwa. Hilo sikulijali.

Hospitalini daktari alisema taya litaunga. Kuhusu koo alisema Tufail ataongea. Nikamuuliza kuhusu kuimba, akaangalia kalamu yake.

Nilimkuta Mauj Din kwenye benchi la ukumbini, jicho moja limefumba, mkono mmoja umefungwa plasta. Nilivua miwani nikaitia mfukoni, nikamweleza yote: duka, halo halo, Tufail alivyotaka tukae chini na mimi nilivyomkemea. Nikasubiri kipigo. Wallahi nilikitaka.

"Ulijua lini?" akauliza.

"Ulipoinua mkono mara ya kwanza."

"Mwanzo wa mzunguko wa kwanza."

"Ndiyo, Kaka."

Akaweka mkono wake mzima gotini, akaanza kuhesabu mapigo kama tunavyohesabu sisi: kiganja, kidole cha mwisho, cha pete, cha kati, kwa mwendo ule ule wa wimbo ule, bila kuharakisha. Mzunguko wa kwanza. Muuguzi alipita na kitoroli, akarudi. Wa pili. Mtu alikohoa wodini, akanyamaza, akakohoa tena. Wa tatu. Nilitaka kumwambia basi, lakini nilikuwa sina haki hiyo. Alipofika mwisho wa wa nne mkono ulibaki juu, hewani, pale ulipokuwa alipogeuka kumpiga mdogo wake.

"Ni muda mrefu, shemeji," akasema.

Kisha akaushusha gotini, akaanza tena kuhesabu tangu wa kwanza.