Sawa Niliyoisema Jangwani

Ukimsikia bodaboda anamwambia abiria "sawa, sawa" bila kugeuza shingo, jua hajasikia hata neno moja. Nakwambia mimi Shaibu, huu ni mwaka wangu wa kumi na moja barabarani. Ndani ya helmeti upepo unavuma mpaka unasahau jina lako. Abiria anasimulia habari za mwenye nyumba wake, mara za shemeji yake, wewe unatikisa kichwa tu, mradi umfikishe. Sote tunafanya hivyo, na bodaboda atakayekataa ni mwongo.

Sasa huyo abiria awe mke wako.

Mke wangu aliitwa Anifa. Kama uliwahi kununua magauni ya watoto Mtaa wa Kongo, Kariakoo, basi sauti yake uliijua hata kama sura hukuijua. Alikuwa ananadi nguo amesimama juu ya meza. Mwanamke mfupi, lakini akifungua kinywa, watu wa ng'ambo ya barabara wanageuka. Spika hakuitumia hata siku moja, alisema ni ya wavivu. Halafu mwaka jana sauti ikaanza kukwaruza. Tukasema vumbi, tukasema mafua, na jamani, tangawizi tuliyochemsha nyumba ile! Tulipofika hospitali, kule Upanga, daktari akasema ni saratani ya koo, imekaa kwenye kisanduku cha sauti chenyewe. Kikitolewa mapema, mgonjwa anapona. Ila hatazungumza tena, na atapumulia kwenye tundu shingoni. Wakatupa tarehe ya kukatwa, wiki tatu mbele.

Nyumbani Anifa hakuligusa jambo hilo. Tumepanga chumba Magomeni, nyumba ya vyumba sita, kuta zenyewe hazijafika kwenye bati. Ukikohoa, chumba cha tatu wanakupa pole. Na mama yake alikuwa amekuja kutoka Masasi kumuuguza, analala nasi humohumo. Kwa hiyo maneno yake Anifa aliyaweka kwa ajili ya pikipiki. Kila siku ya vipimo, tukishafika bonde la Jangwani ambako hakuna majumba ya kuzuia upepo, anaegemea mgongo wangu, anaweka kidevu begani, anaanza kusema.

Na mimi sisikii! Sauti ilikuwa imebaki ya kunong'ona na helmeti inanguruma. Nikimwambia "nini?" anajilazimisha, anakohoa, anashika koo. Mara mbili tatu nikaona namtesa mtoto wa watu. Nikaanza kumjibu kama ninavyowajibu abiria. Sawa, Mama Zamzam. Sawa, mke wangu.

Siku moja, palepale Jangwani, alisema jambo refu. Nikamwambia sawa. Akasema tena, nikamwambia sawa tena. Nilipotupa macho kwenye kioo cha pembeni nikamwona analia, halafu akanikumbatia kiunoni kwa nguvu ambazo sikujua kama bado anazo. Nikajiuliza, we Shaibu, umekubali nini? Ningemuuliza ningekiri kwamba siku zote hizo nilikuwa namdanganya. Nikaona aibu. Nikanyamaza, mjinga mimi.

Lakini roho haikutulia. Sauti ya mke wangu ilikuwa imebakiza siku za kuhesabu, na mimi nilikuwa naigawia upepo. Nikaenda Kariakoo nikanunua kwa machinga kioo cha mbele, kile cha plastiki kinachofungwa juu ya taa. Nikachagua kirefu kuliko vyote, kinanifika puani. Nilijua kikubwa ndicho kitazuia zaidi.

Wacha bwana! Kelele iliongezeka mara mbili. Kichwa kikawa kinapigwapigwa huku na huku, helmeti inatetemeka mpaka macho yanaona barabara mbili. Siku hiyo Anifa alisema maneno mawili tu, akaacha mwenyewe.

Machinga sikumpata tena. Nikaingia kwa hasira kwenye fremu ya Celina, dada mmoja wa vipuri vya pikipiki huko Gerezani, nikaanza kufoka kwamba wauza vioo wote ni matapeli. Alikuwa anakula muhogo. Akamaliza kutafuna kwanza.

"Kaka, mimi nilikuuzia?"

"Hukuniuzia."

"Basi punguza sauti. Nani alikupima urefu wako?"

"Kwani nashonesha suti?"

Akacheka, akafuta mikono, akajifunga kanga vizuri, akapanda nyuma yangu. "Twende mpaka kule barabara kubwa. Ukishaongeza mwendo, nyanyuka kidogo kwenye siti." Nikanyanyuka, kelele ikapungua. "Sasa kaa, inama." Nikainama, ikapungua pia. "Haya, kaa kawaida." Vuuu, palepale masikioni.

Tuliporudi akanieleza kama anamweleza mtoto. Kioo hakiumezi upepo, kinaurusha juu tu. Hiki changu kilikuwa kinaurusha juu ukingoni, unajikunja, unanishukia kichwani. Nilihitaji kifupi, kinachoishia kifuani, kilichoegemea nyuma kidogo, ili upepo ukinipita kwenye helmeti upite umenyooka. Na kwa chini kiache uwazi, hewa ipite, isinivute mgongo. Akanitolea kimoja cha hivyo, akanikatia na kitambaa kizito cha kuzungushia shingo, kwa sababu kelele nyingine huingilia chini ya kidevu.

Akiwa anakaza nati akaniuliza, "Ni abiria gani huyo unayemtaka sana kumsikia?"

Nikamwambia mke wangu, alikuwa ananadi magauni Mtaa wa Kongo, sasa anakwenda kutolewa sauti.

Spana ikasimama. "Anifa? Yule wa 'njooni mama zangu, watoto wasitembee uchi'?"

"Huyohuyo."

"Mimi nikajua amehama." Akageukia ukutani, akajifanya anatafuta nati ambayo alikuwa nayo mkononi. "Wahi, kaka yangu. Wahi umsikilize."

Kesho yake ilikuwa Alhamisi, siku ya vipimo. Kukatwa kwenyewe kulikuwa Jumanne inayofuata. Tulitoka Magomeni kumeshapambazuka, tukateremka Jangwani, nikaongeza mwendo makusudi. Upepo ukapita. Helmeti ikatulia. Na nyuma ya sikio langu, kwa mara ya kwanza tangu augue, nikamsikia Anifa.

"Mwone yule baba na godoro lake kichwani. Amekuwa uyoga."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka! Sauti ilikuwa imechakaa, imekwaruzika, lakini ni yake, na umbea wake ni uleule. Nilitaka barabara isiishe.

Akasema, "Leo una furaha. Na mimi nina furaha, Baba Zamzam. Nilikuwa naogopa utabadilika."

"Nibadilike nini?"

"Lile tulilokubaliana. Nilijua utanigombeza, wewe na hasira zako. Nilivyokwambia sitaki kukatwa, nataka nibaki na sauti yangu mpaka Mungu atakaponichukua, nikajua utasimamisha pikipiki unitukane. Ukasema sawa. Nikakuuliza tena, nikasema labda hajaelewa. Ukasema sawa. Nimeishi na wewe miaka kumi na minane, sijawahi kukupenda kama siku ile. Nimeshamwambia daktari, wewe ukiwa nje na pikipiki, kwamba mume wangu ameridhia. Ile Jumanne yangu wamempa mgonjwa mwingine."

Nikasimamisha pikipiki kandokando ya barabara. Nikavua helmeti.

"Anifa, mimi sikukusikia."

"Hukusikia nini?"

"Siku ile. Na siku nyingine zote. Nilikuwa nasema sawa tu. Upepo ulikuwa unapiga kelele, nikaona nisikusumbue koo."

"Umebadilika, ndiyo maana unasema hivyo."

"Haki ya Mungu, sikusikia. Hiki kioo unachokiona nimekifunga jana, nikusikie."

Akanipiga ngumi mgongoni, ya kwanza, ya pili, za mtu asiye na nguvu, halafu akaweka paji la uso palepale alipopiga. Watu wanapita na mambo yao. Alipoinua kichwa akasema, "Haya, leo unasikia. Sitaki kukatwa. Unasemaje?"

"Nasema hapana. Zamzam ana miaka kumi na mitatu, Anifa. Atakuzoea bila sauti. Hawezi kuzoea bila wewe. Na mimi siwezi." Nilikuwa nalia kama mtoto pale barabarani, na sioni haya kulisema.

Tulikwenda mpaka hospitali hajatamka neno, na kwa vile kioo kilikuwa kinafanya kazi yake vizuri, kimya chake nilikisikia chote. Mbele ya daktari akainamisha kichwa, akakubali. Daktari akafungua daftari la foleni. Tarehe ya karibu ilikuwa wiki tano mbele.

Wiki tano hizo alizungumza. Kila tulipopanda alizungumza, mpaka siku nyingine nazunguka Kinondoni bila sababu ili tu asimalize. Alinisimulia mambo ya utoto wake Masasi ambayo hakuwahi kuyasema. Alinitajia mboga anazozipenda Zamzam. Alinisema vibaya pia, alinikumbusha magomvi ya mwaka tuliooana, na kila kosa nililisikia, nikamwambia nisamehe, si sawa.

Tarehe ilipokaribia wakampiga picha ya kifua. Ugonjwa ulikuwa umeshashuka kwenye mapafu. Daktari alivua miwani, akasema kukata koo sasa kungemwongezea maumivu tu.

Anifa alikufa mwezi wa nne, tukamzika Masasi. Alizungumza mpaka siku ya mwisho, kama alivyotaka. Watu wananipa pole, wananiambia ni kazi ya Mungu. Najua ni kazi ya Mungu. Lakini najua pia kwamba wiki zile tulizozipoteza nilizitoa mimi, kwa neno moja la kuwaridhisha abiria. Siku hizi mtu akisema kitu nyuma yangu nasimama, navua helmeti, namwuliza umesemaje. Wengine wanashuka, wanatafuta boda mwingine.

Siku ile tuliyotoka hospitali na majibu ya picha, tulipofika Jangwani aliegemea mgongo wangu kama zamani.

"Baba Zamzam. Ungenisikia siku ile ya kwanza, ungesema hapana?"

"Ningesema hapana."

"Hata ningelia?"

"Hata ungelia."

Tukamaliza daraja.

"Basi afadhali hukusikia," akasema.

Nilimsikia vizuri kabisa. Sikumwambia sawa. Sikumwambia kitu.