Ngazi za Bwawa la Watu Wote

...subiri kidogo dada, vijana wanakuja kukubeba kukupandisha ngazi, anasema mlinzi, naye Shangazi anatikisa kichwa kwa adabu, taulo mapajani, vazi la kuogelea tayari limembana chini ya gauni, vijana gani hao, si ndio wale wa mwezi uliopita, walimshika kama gunia la mkaa, mmoja anacheka, wa pili mkono wake unatafuta pasipomhusu, wakamketisha ukingoni, kiti chake cha magurudumu wakakiacha huku chini, wakaenda zao, bwawa likafungwa, watu wakatoka, na yeye kule juu, msalani hafiki, nyumbani harudi, mpaka haja ikamtoka, jamani, mtu mzima na akili zake, ikamtoka palepale kwenye saruji... Shangazi, njoo! wanamwita watoto wa kaka yake, ee, nije kwa mabawa? na maji anayasikia yakipigwa, maji ndiyo raha yake, humo hakuna anayemuuliza miguu, humo kwa mikono hii anawaacha wote nyuma... bwawa la watu wote, alisema diwani siku ya kulifungua, akainama apigwe picha naye, meno yote nje, akaahidi njia ya viti vya magurudumu kabla ya mvua, mvua zimekuja zimeondoka, na huyo yuko juu sasa hivi anastarehe na wageni wake, dereva anamngoja na gari linanguruma, Mungu amlaani, hapana, Mungu ana shughuli nyingi, hili atalifanya mwenyewe... maana ngazi ni hizi tu, nyembamba, chuma huku, chuma huku, anasogeza kiti, anasogeza tena, dada, hapo unaziba, si nawangoja vijana wako? magurudumu yamegusa vyuma vyote viwili, breki ya kushoto, breki ya kulia, lo, utamu gani huu, na kicheko cha diwani kinateremka, viatu vinateremka, vinasimama mbele yake, dada, mheshimiwa ana mkutano, ananong'ona mlinzi na jasho linamtiririka, na mkutano uende bila yeye, haja imbane hukohuko, ajue... mama, naomba njia, anasema diwani, wala hamkumbuki, na lile neno samahani, alilowaambia makondakta, walinda milango, hata waliomkanyaga wao, linamjia mpaka kwenye ulimi, analimeza, anamtazama usoni, hasogei.