Namba Thelathini na Moja

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumamosi tarehe 6 Julai 1974, mkeka wa Mwanajuma binti Mabruki haukuwa ukutani. Ulikuwa chini, mbele ya ukumbi, na juu yake ilisimama meza ya mgeni rasmi kwa miguu yake yote minne.

Mwanajuma alisimama mlangoni. Hakupiga kelele. Alikuwa na miaka hamsini na minane, na alikwisha kujifunza kwamba anayeanza kupiga kelele ndiye anayeanza kutolewa nje. Akahesabu. Ukutani picha kumi na tisa. Kwenye meza za pembeni vinyago na vyombo kumi na kimoja. Jumla thelathini. Yeye alikuwa wa thelathini na moja.

Mkeka huo aliuleta Jumatano kutoka Chemchem, ameuviringa begani. Katibu wa chama, Raymundi, aliuandika daftarini mbele ya macho yake: namba 31, mkeka, kili kumi na sita, rangi nne, Mwanajuma binti Mabruki. Alisoma kila neno. Kusoma alijifunza miaka mitatu tu nyuma, katika darasa la watu wazima, na mtu aliyejifunza ukubwani hasomi kwa kurukaruka.

Jina hilo ndilo lililomleta. Miaka thelathini alisuka, na miaka thelathini mikeka yake iliuzwa na mwenye duka mmoja wa sokoni aliyewaambia wanunuzi kwamba imetoka pwani. Watu wa Tabora, ambao hawasifu kitu mpaka waambiwe kimetoka mbali, waliinunua kwa furaha. Mama yake alisuka vivyo hivyo na akafa vivyo hivyo: nusu ya mji ililalia kazi yake na hakuna aliyemjua. Chama cha Wasanii wa Mkoa kilipotangaza maonyesho yake ya kwanza, Mwanajuma alijiandikisha, mwanachama wa saba, kwa sababu moja tu. Alitaka kazi moja, mara moja, iwekwe mbele za watu pamoja na jina la aliyeisuka.

Na hakuleta kazi ya sokoni. Ukindu aliufuata mwenyewe Usinge. Zile kili kumi na sita, yaani vipande virefu vya ukindu uliosukwa ambavyo hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka mkeka ukamilike, zilikuwa vituo kumi na sita vya njia ya misafara kutoka Tabora hadi Ujiji, kama mama yake alivyovihesabu. Kila ukili ulikuwa na mchoro wake: penye maji, penye chumvi, penye njaa. Ilimchukua miezi mitano. Kwenye pindo la juu alishona vitanzi vinne vya kutundikia, maana aliijua kamati. Aliogopa wangeupigilia misumari. Hakufikiria meza.

"Shikamoo, Bi Mwanajuma," Raymundi alisema. Alikuwa kijana aliyeacha masomo ya upadre Kipalapala akarudi na sauti ya kuhubiri.

"Marahaba. Mkeka wangu umeanguka?"

Raymundi alimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti, Mwalimu Elieza, alikuwa akinyoosha moja ya picha zake sita.

"Haukuanguka, mama," Elieza alisema bila kugeuka. "Tumeupa heshima. Mgeni rasmi ataketi juu yake."

"Kwenye orodha mmeupa heshima gani?"

Orodha ilikuwa imechapwa kwa stensili, karatasi mbili. Iliishia thelathini.

"Kamati ilikaa," Elieza alisema. "Tuliona mkeka ni kitu cha kukalia. Picha ni kitu cha kutazamwa. Haya ni maonyesho."

"Na kigoda cha Raymundi, namba tisa? Hicho hakikaliwi?"

"Hicho ni uchongaji."

"Kweli hakikaliwi," Mwanajuma alisema. "Vigoda vya wazee vina miguu mitatu na havijawahi kuyumba. Hiki amekipa minne, ya kisasa, na kinayumba kikiwa peke yake."

Raymundi alikiangalia kigoda chake kwa huzuni.

Mwanajuma akazunguka ukumbi, polepole, mikono nyuma. Namba moja ilikuwa Mlima Kilimanjaro. Namba mbili ilikuwa Mlima Kilimanjaro na twiga. Namba tatu ilikuwa mlima huohuo jioni. Mwalimu Elieza alizaliwa Usoke, akasomea Tabora, akafundisha Tabora. Mlima huo aliujua kutoka kwenye kalenda. Namba nne iliitwa "Kijiji cha Ujamaa". Ilionyesha wakulima kumi na wawili wakilima kwa majembe kumi na matatu, na wote walikuwa wakitabasamu kuelekea upande mmoja, kama watu walioitwa na mpiga picha. Majembe mawili yalikuwa na mipini iliyotokea upande wa makali. Kwa jembe la namna hiyo mtu hulima ugoko wake.

Koleta, mfinyanzi kutoka vijiji vya kule Kipalapala, alikuwa ameketi benchi la nyuma na rozari mkononi.

"Umeona vyungu vyangu?" aliuliza.

Mwanajuma aliviona. Vyungu vitatu vya kupikia, vyeusi, vyembamba kama ganda la yai, vimejazwa maua ya plastiki.

"Wameandika 'vyombo vya maua'," Koleta alisema. "Nikamwambia Mwalimu, mwanangu, hivi ni vya mboga. Akaniambia mboga si sanaa."

"Na ukanyamaza."

"Jina langu lipo, dada. Maua watayatoa, jina litabaki. Na wewe kaa, usije ukatutia nuksi, mgeni mwenyewe katoka Dar."

Mwanajuma alikaa. Alikaa benchi la mbele, ambalo liliandikwa "Kamati", na hakuna aliyethubutu kumwondoa.

Mgeni rasmi alikuwa ameandikwa kufika saa nne. Alifika saa tano na dakika ishirini. Aliitwa Ndugu Kondo, ofisa wa mambo ya utamaduni, mtu mpana, mchangamfu, amevaa suti ya mikono mifupi na viatu vya raizoni, vyenye soli nene kama matofali. Miaka hiyo vijana walikuwa wakikemewa barabarani kwa kuvaa viatu vya namna hiyo. Ndugu Kondo, bila shaka, alikuwa amevivaa kikazi. Vumbi jekundu la Tabora lilikuwa limevijaa hadi kwenye kamba, na alipokwenda kushika nafasi yake alipita nalo juu ya mkeka kutoka Ujiji kuelekea Tabora, akasimama penye chumvi.

Mwalimu Elieza alimkaribisha kwa dakika ishirini na tano. Alisema sanaa ya mkoa ilikuwa imelala na sasa imeamshwa. Hakusema ilikuwa imelala kwa nani. Kisha mgeni akashika kipaza sauti.

"Ndugu wananchi," alisema, "mimi ni Mzaramo wa Kisarawe. Nimekuja kwa watani zangu Wanyamwezi."

Ukumbi ulicheka kabla hajafika popote. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu siku za misafara, wapagazi walipokuwa wakishuka pwani na meno ya tembo na kupita katika mashamba ya watu. Mtani humtukana mtani wake hadharani, hata msibani. Huweza kumnyang'anya kitu mchana kweupe, wala si wizi. Mwenye kitu hukikomboa kwa masharti ya aliyekichukua. Anayekasirika ndiye aliyepata aibu.

"Babu zenu," Ndugu Kondo aliendelea, "walifika kwetu na mizigo kichwani, na waliporudi, kuku wote wa Kisarawe walikuwa wamepotea. Leo nimekuja kuona kama mmewafuga au mliwala njiani!"

Watu walipiga makofi. Alipoona wamefurahi alihamia kwenye hotuba yenyewe, iliyoandikwa. Alisema utamaduni wetu ulikuwa umekanyagwa na wakoloni. Alisema kazi za mikono ya wanyonge hazikupewa majina. Alipolitamka neno "kukanyagwa" alikanyaga chini kwa mguu wa kulia ili lieleweke.

Mwanajuma akasimama.

"Mtani!" aliita.

Ndugu Kondo akashusha karatasi ya hotuba. Akatabasamu. "Naam, mtani."

"Umeuliza habari za kuku. Tuliwala. Walikuwa wembamba, wamefugwa na Wazaramo. Babu yangu alisema ilibidi kuku kumi waliwe ndipo mtu mmoja ashibe."

Ukumbi ukalipuka. Ndugu Kondo naye alicheka, akafuta jicho.

"Sasa nimekuja kuchukua kilichobaki," Mwanajuma alisema, akiwa tayari amefika mbele ya meza. "Vua viatu."

"Viatu, mtani?"

"Mzaramo anaingia nyumba ya watu na viatu, anapanda juu ya mkeka wa watu, anahubiri. Kwenu mikeka mnaikanyaga? Au kwenu hamna mikeka?"

"Mgambo!" Mwalimu Elieza alipiga kelele. "Mtoe huyu mama!"

Mgambo wa mlangoni alikuwa Mnyamwezi wa Usinge, jina lake Lugembe. Alitazama darini kana kwamba kulikuwa na kazi huko. Mwalimu Elieza mwenyewe aliyajua mambo haya ya utani kabla hajajua kuandika, lakini alikuwa ameyaweka kando pamoja na mambo mengine ya ushamba, na sasa alipoyahitaji hakuyaona.

"Kaa chini, mwenyekiti," Ndugu Kondo alisema bila kumtazama. "Hapa ni mimi na mtani wangu. Usinitie aibu."

Akainama, akafungua kamba, akavua. Alipoinuka alikuwa amepungua vidole vinne. Kipaza sauti, ambacho kilikuwa kimemfikia mdomoni, kilimfikia puani.

"Kumbe!" sauti ya Koleta ilitoka nyuma. "Ofisa alikuwa amesimama juu ya matofali!"

Mwanajuma alivikung'uta viatu nje ya mkeka, akavipakata.

"Haya, mtani," Ndugu Kondo alisema, akiinua kidevu ili akifikie kipaza sauti. "Taja ukombozi. Kuku wangapi?"

"Sitaki kuku wa Kizaramo. Nataka usome namba thelathini na moja na jina la mwenye kazi."

Ndugu Kondo aliiangalia orodha mbele na nyuma. "Mwenyekiti, thelathini na moja iko wapi?"

Mwalimu Elieza alikohoa. "Iko chini yako, ndugu mgeni rasmi."

Ndugu Kondo akatazama chini. Kwa mara ya kwanza tangu afike aliutazama mkeka, akasogeza mguu wenye soksi kutoka ukili mmoja hadi mwingine. Haikujulikana aliona nini. "Leteni daftari," alisema.

Raymundi alilileta. Lilikuwa wazi, na Mwanajuma alisoma mstari huo ukiwa kichwa chini kwake, kabla Ndugu Kondo hajafungua kinywa. Jina lake lilikuwa limepigwa mstari mmoja, nadhifu, kwa rula. Juu yake, kwa mwandiko wa Mwalimu Elieza, palikuwa pameandikwa maneno mengine.

"Namba thelathini na moja," Ndugu Kondo alisoma kwa sauti kubwa. "Mkeka. Akina mama wa Chemchem!"

Makofi yalipigwa. Ndugu Kondo alinyoosha mkono apokee viatu.

"Bado," Mwanajuma alisema.

"Nimesoma, mtani."

"Umesoma kilichoandikwa. Akina mama wa Chemchem ni wengi, na nilipokuwa nikisuka walikuwa na kazi zao. Picha za Mwalimu mbona hazikuandikwa 'akina baba wa Usoke'?"

"Mama, huu ni wakati wa ujamaa," Mwalimu Elieza alisema. "Jina la mtu mmoja ni ubinafsi."

"Namba moja hadi sita ni ubinafsi wa nani?"

Kicheko cha safari hii hakikuwa cha utani. Dereva alikuja kunong'ona kwamba chakula kilikuwa kikipoa. Ndugu Kondo aliwatazama mwanamke na mwenyekiti, kisha viatu vyake. Angeweza kulitaja jina, lilisomeka chini ya ule mstari. Lakini daftari lilikuwa la chama, na mtu wa ofisi hasomi kilichokatwa. Akaaga kwa mkono, akatoka akiwa amevaa soksi, akavuka uwanja wa vumbi hadi kwenye gari.

Mwanajuma aliviweka viatu juu ya meza ya mgeni rasmi. Alirarua nusu ya karatasi ya orodha, akaandika kwa herufi kubwa, bila haraka, kama alivyofundishwa:

31. VIATU. KONDO, DAR ES SALAAM.

"Huwezi kuweka kitu hicho hapo," Mwalimu Elieza alisema.

"Viondoe basi," Mwanajuma alimjibu. "Ni vya mtani wangu. Ukivigusa wewe, ni wizi."

Havikuguswa. Jumamosi hiyo watu kumi na tisa walitia saini kitabu cha wageni. Jumapili, Saba Saba, walitia saini mia mbili na kumi na wawili. Walipita mbele ya Kilimanjaro tatu bila kugeuza shingo na kusimama mbele ya viatu. Wengine walichutama kutazama kilichokuwa chini ya meza, na wakamwuliza mwanamke aliyekaa pembeni maana ya mistari ile. Aliwaeleza, kituo baada ya kituo. Mwalimu Elieza alikuwapo hadi saa sita, kisha akasema anaumwa.

Jumatatu tarehe 8, saa tatu na dakika arobaini, dereva wa Ndugu Kondo alifika na bahasha. Ndani yake mlikuwa na orodha mpya, karatasi mbili, imechapwa usiku katika ofisi ya watu wengine, na sahihi ya Ndugu Kondo chini. Mwanajuma aliisoma kuanzia namba moja. Alipofika thelathini na moja aliisoma mara mbili: Mkeka, kili kumi na sita, Mwanajuma binti Mabruki, Chemchem. Hapakuwa na neno lingine.

Akamkabidhi dereva viatu, akamwambia atie saini kwamba amevipokea, akatia.

Raymundi na Lugembe waliiondoa meza. Mwanajuma alipangusa mkeka kwa kitambaa chenye maji, ukili kwa ukili. Raymundi alishusha Kilimanjaro ya jioni, akapanda juu ya benchi, akautundika mkeka kwa vitanzi vyake vinne.

"Upande wa kushoto umeshuka," Mwanajuma alisema. "Pandisha vidole viwili."

Raymundi akapandisha.