Lenzi Inayozunguka Kinyume

Mke wangu ni muuguzi siku za kazi na golikipa kila Jumamosi. Mimi ni kinyozi siku za kazi na mpiga picha kila anapodaka. Shida iko hapo kwenye kudaka. Kwa miaka sita, katika picha zangu zote, yeye yuko chini kifudifudi na mpira uko wavuni. Si kwamba hadaki, anadaka sana. Kamera yangu ndiyo ilikuwa nzito: ukibonyeza leo, inapiga kesho.

Mama yake hakuwahi kufika uwanjani. Alizijua hizo picha tu. "Mwanangu, una watoto wawili, na bado unaenda kugaragara mbele za watu," humwambia. Mke wangu hucheka, lakini akifika chumbani hacheki tena.

"Nipatie moja tu," aliniomba. "Moja tu niko hewani, nimwoneshe mama."

Basi nikauza kamera na lenzi zake zote, nikahamia kamera za kampuni nyingine. Rafiki yangu fundi redio, ambaye naye hupiga picha za mechi, akanionya. "Kaka, lenzi za hawa jamaa zinazunguka kinyume. Ukitaka kumvuta mtu karibu, unazungusha kushoto, siyo kulia. Mkono utakataa."

Nikamwambia mkono huu umenyoa watoto wanaolia na kurusha mateke, hautashindwa na pete ya lenzi. Wiki nzima nikajifunzia kwa wateja waliokaa kwenye benchi. Vuta, rudisha. Safi kabisa.

Jumamosi, mama mkwe akaja! "Nimekuja kupunga upepo tu," alisema. Akaweka kiti chake cha plastiki nyuma ya goli, akakaa na mkoba mapajani, amenuna kama mtu aliyepangishwa foleni tangu asubuhi.

Dakika ya mwisho tukiongoza moja bila, wapinzani wakapewa penalti. Mpigaji akarudi nyuma, nami nikazungusha pete nimvute mke wangu karibu. Mkono ukaenda kulekule ulikozoea. Kwenye kioo, mke wangu akawa mdogo kama punje, na mpira ulikuwa umeshapigwa. Nikabonyeza hivyohivyo, huku nikijitukana.

Akadaka. Uwanja mzima ukapiga kelele, mimi nikatamani ardhi inimeze.

Mama mkwe alinipita, kiti mkononi. "Si mbaya," alisema. "Ila jua kali." Akaenda zake.

Nyumbani mke wangu hakuvua hata viatu. "Nioneshe!"

Nikampa kamera bila kumtazama usoni. "Nimeharibu, mama watoto. Nilizungusha kinyume. Kwenye picha limeingia goli zima na watu wake. Ngoja nikate pembeni, nikukuze, labda utaonekana."

Alikuwa amekisogeza kioo karibu na macho.

"Huyu ni mama?"

Nikachungulia. Mke wangu yuko hewani, mpira mikononi. Nyuma yake, nje ya wavu, kiti kimepinduka, mkoba unaruka, kiatu kimoja kimechomoka, na mama mkwe yuko juu kuliko bintiye, mikono hewani, mdomo wazi.

"Pale uwanjani ameniambia alikuwa amekaa tu," alisema mke wangu. Akaanza kucheka, na machozi yakamtoka humohumo kwenye kicheko.

"Kwa hiyo nisikate?"

"Mkate mama yangu," alisema, "uone kama sitakukata wewe."