Viatu vya Theluji Viache Garini

Mtu anayegema utomvu mtamu wa miti ya sukari kila Machi hawezi kuniambia eti theluji itabaki ngumu mchana kutwa. Utomvu hautiririki mpaka usiku ugande na mchana uyeyuke, na Lyle, mume wa dada yangu Coralie, analijua hilo kuliko mimi. Ndoo zake zilikuwa zimejaa mitini hadi zinamwagika. Lakini asubuhi ile, pale tulipoegesha gari chini ya mlima, alipiga njia kwa kisigino.

"Saruji tupu hii. Viatu vya theluji viache garini, shemeji. Masinia hayo utayabebea nini?"

"Na vyako viko wapi?"

"Nyumbani. Mimi siogopi kulowa."

Hapo nikajua kuna jambo. Kwetu, anayetangulia kufika kwenye kibanda cha baba kule juu mlimani mwezi Machi na kukwangua theluji paani, ndiye anayekaa na ufunguo mwaka mzima. Asipofika mtu, ufunguo haubadili mkono, na mkono wenyewe ni wa Lyle tangu alipooa. Mimi Orrin, mtoto wa nyumba ile, namwomba yeye ruhusa ya kulalia kitanda nilichokipigilia misumari mwenyewe. Inaniuma, sifichi.

Nikavifunga mgongoni viatu vyangu, mapana ili mtu asizame thelujini, huku akinitazama.

"Huniamini," akasema.

"Hata chembe."

Tukapanda. Kila alipoinama kufunga kamba za buti nami nilisimama, asije akanitoroka. Alizifunga mara nyingi mno. Tulipovuka kijito nikataka kumpokea mzigo, akaukumbatia. Nikawaza, huyu kavificha viatu vyake vya theluji humo ndani, anangoja nichoke.

Mchana njia ikalainika. Lyle akazama hadi nyonga, akabaki hapo hapo, midomo imepauka. Nilimvuta nje, kisha nikamvua mzigo kwa nguvu ili nipate ushahidi wangu. Ulinyanyuka kwa kidole. Ndani mlikuwa na mito miwili ya kitanda iliyoutunisha, na chupa ya vidonge.

"Ni moyo," akasema. "Daktari kanikataza kubeba hata ndoo."

"Sasa ulikuja kufanya nini huku?"

"Nilitaka theluji ndiyo iturudishe. Isiwe mimi."

"Coralie anajua?"

Akatikisa kichwa. Nikakumbuka zile ndoo zinazomwagika. Nilikasirika, kisha nikaona aibu, maana nilikuwa nimemshuku sawasawa na bado sikuwa nimeelewa kitu.

Alipopata nguvu nikavaa viatu vyangu, nikatangulia kushuka, nikiishindilia theluji polepole ili apate pa kukanyaga.

"Dada yangu utamwambia leo hii," nikasema. "Ya baba niachie."

Nyumbani nilivisukuma viatu chini ya turubai la gari, nikaingia jikoni. Baba alikuwa anamenya viazi.

"Mmefika?"

"Nilisahau viatu vya theluji."

Baba akacheka mpaka akakohoa. "Mvi zote hizo, Orrin? Na mwenzako?"

"Hakutaka kuniacha peke yangu."

"Basi ufunguo ubaki kwa mwenye akili."

Nikasema sawa. Dirishani nilimwona Lyle uani akiongea na dada yangu, kichwa kimeinama, kisha akainua mkono kuishika ndoo mtini. Dada yangu akampokonya.