Kichwa Wasichokiombea

Ujumbe wa Mama Mbinya, mwenyekiti wa kwaya, uliingia Jumatatu asubuhi: "Tutaongea kuhusu majoho." Maneno matatu tu, na Syokau hakushona tena siku hiyo.

Alikuwa fundi wa nguo sokoni Migwani, na kwaya ilikuwa imempa kazi ya kushona majoho kumi na manane. Aliketi mbele ya cherehani akiwaza. Labda rangi haikuwapendeza. Labda alimjibu mama huyo vibaya kanisani. Labda bado wanakumbuka sare za shule alizochelewesha mwaka jana. Alifumua bega la joho moja mara tatu, na halikuwa na kosa lolote.

Miezi mitano nyuma, akiwa na miaka thelathini na minne, daktari mjini Kitui alimwambia ana ADHD, hali ya ubongo inayofanya umakini urukeruke. Alimpa dawa na shauri moja: wazo likianza kuzunguka, liandike, kisha kamuulize mhusika badala ya kumjibia kichwani mwako.

Jumanne aliandika maswali yake kwenye karatasi, akafunga duka, akaenda. Mama Mbinya alikuwa uani akipepeta ndengu.

"Mama, nimekosa wapi?"

"Hujakosa, mwanangu. Ila watu wanasema unaanza hili, unarukia lile, unasahau. Tumeonelea Jumapili upite mbele, wazee wakuombee hicho kichwa. Roho hiyo ikitoka, utamaliza kazi."

Hasira ilimpanda Syokau.

"Niombeeni afya, nitashukuru. Lakini hii si roho, Mama. Ndivyo ubongo wangu ulivyoumbwa, na aliyeuumba ni huyohuyo mnayemwomba. Sitapita mbele."

"Basi hiyo kazi itabidi tuigawe."

"Igaweni. Yatakayobaki nitayashona kwa njia yangu."

Walichukua majoho kumi. Iliuma. Lakini Syokau alizima simu, akafungulia redio kwa sauti, akashona mikono yote kwanza, halafu kola zote. Wazo likija, aliliandika ukutani kwa chaki na kuendelea kukanyaga cherehani. Ijumaa manane yaliyobaki yalikuwa tayari, isipokuwa moja lililokosa vifungo, ambalo alilimaliza Jumamosi.

Jumapili aliketi safu ya pili. Mchungaji alipowaita wenye mizigo wapite mbele, vichwa kadhaa vilimgeukia. Akakunja nne, akafungua kitabu cha nyimbo, akangoja kwaya isimame.