Sufian wa Kichina

Mjinga wa siku ile alikuwa Sufian, na tuliseme mapema ili asije akasingiziwa mwingine. Mwenyewe hakatai. Mtu aliyejitangaza fundi bomba naye si fundi hamchukui mchumba, tena mchumba ambaye hata hajakubali kuwa mchumba, akampeleka penye bomba lililopasuka na kumwambia kaa hapa unitazame. Lakini Sufian wa Tandika, mwenye miaka thelathini na minane na akili zake zote, ndivyo alivyofanya, na kiingilio akalipa yeye.

Uongo wenyewe ulizaliwa na uchovu wa miguu. Alipofika Guangzhou mara ya kwanza, mtaji wake wote uliishia kwenye maboksi arobaini ya kava za aina moja ya simu ambayo, kumbe, Tanzania nzima hakuna mtu aliyewahi kuinunua. Akabaki kuzunguka maduka ya Zhanxi na begi mgongoni, anauliza bei za viatu asivyoviweza, huku kila laoban, yaani tajiri mwenye duka, akimtupia swali lile lile kupitia simu: kwenu Afrika mnaishi na simba? Mwanzoni alikuwa anajibu hapana, kwao Tandika wanaishi na mbu. Jibu hilo halikumpatia hata kigoda. Siku moja, nyayo zikiwaka moto, akajibu ndiyo, na si kuishi nao tu, yeye alikuwa mwongoza watalii mbugani Mikumi kwa miaka sita. Laoban akamvutia kiti, akammiminia chai, akashusha bei bila kuombwa. Tangu hapo Sufian akawa mtu wa Mikumi. Ukweli ni kwamba Mikumi alipita mara moja tu, kwa basi, akienda msibani Mbeya, na alikuwa amelala.

Kwa wauza viatu uongo huo haukuwa na madhara. Madhara yalianza alipoingia Swalha.

Swalha alikuwa mkalimani. Alitoka Voi, Kenya, akaja kusomea Kichina, akamaliza, akabaki, na wafanyabiashara wote walimwita Mwalimu. Sifa yake sokoni ilikuwa moja: mteja akitukana kwa Kiswahili, yeye hutafsiri kile ambacho mteja huyo angesema kama angekuwa amelala vizuri. Watu walimlipa wakidhani wananunua Kichina chake, kumbe walichokuwa wananunua ni adabu.

Miaka miwili nyuma, siku ya kwanza kufanya naye kazi, Sufian alimwaga habari za Mikumi mbele ya mama mmoja muuza viatu. Swalha alimtazama kidogo zaidi ya inavyohitajika, akamuuliza alikuwa sehemu gani ya Mikumi, akajibiwa kote, akageuka na kutafsiri. Mtazamo ule Sufian aliuchukua kwamba ni wa kuvutiwa, akautunza. Kuanzia hapo kila wakipanda basi la kwenda kununua mikoba kwenye soko la ngozi la Shiling alimpa kipande kipya: leo kifaru, kesho chatu. Swalha alisikiliza, kidevu kakiweka kwenye kiganja, na hakumkatiza hata mara moja. Mwanamume gani asingependa kusikilizwa hivyo?

Basi akapenda, na akapenda vibaya. Na sasa Swalha alikuwa anarudi kwao Jumanne. Kibali chake kinaisha, na kama atarudi tena China hakuwa amesema. Sufian alikuwa na neno moja tu la kumwambia, amruhusu apeleke barua ya posa, na kwa wiki mbili neno hilo lilikuwa linafika kooni na kugeuza. Aliogopa asikubaliwe. Zaidi ya hapo aliogopa akubaliwe, kisha mambo ya Mikumi yaje kujulikana, akataliwe upya.

Ndipo siku moja Shiling, katikati ya mikoba inayoning'inia hadi darini, Swalha akasema amechoka na ngozi. Kabla hajaondoka angependa kumwona mnyama ambaye ngozi yake bado anaivaa mwenyewe. Mdomo wa Sufian, ambao siku zote hutangulia kichwa chake, ukasema kule Panyu kuna mbuga ya kutembezwa nusu siku, atampeleka, na wala asihangaike na mwongozaji wa Kichina, atamwongoza yeye.

Walikwenda Jumamosi asubuhi, kwa treni ya chini ya ardhi. Njiani Sufian alisoma habari za wanyama kwenye simu aliyoificha nyuma ya koti. Alijifunza kwamba tembo hubeba mimba miezi ishirini na miwili, akasahau kabla ya kituo kilichofuata. Getini waligawiwa kofia za njano pamoja na watu wengine ishirini na kitu, bibi na babu wengi, na binti mmoja wa chuo mwenye miwani aliyekuja na nyanya yake. Mwongozaji wao, Bi Liang, alikuwa na bendera ndogo mkononi na kipaza sauti, akawapandisha kwenye kigari cha mabehewa matatu kisicho na madirisha. Swalha alimrekebishia Sufian kofia iliyokaa upande, akasema sasa amefanana na mtalii. Sufian akasema mtalii ni yeye, huyu hapa ni mtaalamu.

Kwa pundamilia alinusurika, maana pundamilia hajifichi kuwa ni pundamilia. Kwa simba alinusurika pia, kwa kuwa wote walikuwa wamelala na yeye akatikisa kichwa kama anayewafahamu kwa majina. Akamnong'oneza Swalha kwamba simba akilala chali hivyo basi mvua iko karibu. Swalha akasema, "Ala." Jua lilikuwa linachoma mpaka chuma cha kigari kikawa hakishikiki.

Balaa likaja kwenye twiga. Kigari kilisimama pale wageni wanapoweza kuwapa majani, na Bi Liang, aliyekuwa anawaza tangu getini namna ya kuwatumia hawa Waafrika wawili, akawauliza wametoka wapi. Mtu mmoja nyuma akachombeza. Swalha akajibu kidogo, na kabla Sufian hajajua ameuzwa kwa bei gani, kipaza sauti kilikuwa mkononi mwake na kofia ishirini na kitu za njano zimemgeukia.

Akasema. Angefanya nini? Alisema twiga ana mioyo miwili, mmoja kifuani na mwingine shingoni, wa kusukuma damu kituo kwa kituo. Akasema twiga halii, kwa kuwa chozi likitoka juu kule hukauka kabla halijafika mdomoni. Akasema mabaka yake huongezeka moja kila mwaka, ukitaka umri wake unahesabu. Kila akimaliza kipande alimpa Swalha kipaza sauti, naye akatafsiri, na kila mara tafsiri ilikuwa ndefu kuliko alichosema yeye. Sufian alitegemea kicheko kwenye chozi lile. Hakikuja. Bibi mmoja akaacha kumlisha twiga, tawi likabaki hewani, twiga mwenyewe akamsubiri. Sauti ya Swalha ilishuka, ikakwama mahali, akageuza uso upande wa wanyama kabla ya kumaliza. Kisha wote wakapiga makofi, makofi ya taratibu, kama ya msikitini endapo huko kungekuwa kunapigwa makofi, na Bi Liang akachukua kipaza sauti chake kwa mikono miwili.

Kigari kilipoanza kwenda, binti wa chuo akainama kutoka kiti cha nyuma. Kwa Kiingereza cha kunyooka akamwambia Sufian kwamba nyanya yake anampa pole kwa mguu wa baba yake.

Sufian alishukuru. Halafu akaanza kufikiri. Baba yake yuko Tandika, anauza vitasa, ana miguu miwili mizima na juzi tu aliitumia kumfukuza mpangaji. Akageuka, akamwomba yule binti, kwa upole, amkumbushe alivyosema, maana jua limempanda kichwani. Binti akamkumbusha. Kwamba yeye Sufian alisema baba yake alikuwa askari wa wanyamapori, akachechemea maisha yake yote kwa sababu ya nyati. Mwaka wa ukame twiga walikuja hadi kwenye bomba la nyumba yao, na yule baba akawawekea maji kwenye beseni la kuogea watoto, watoto wakaenda shule bila kuoga wakifurahi. Usiku wa mvua ya kwanza akamwamsha mtoto wake wakaone twiga akizaa amesimama, ndama akaanguka kutoka juu, puu, na mtoto akalia akidhani amekufa. Baba akamwambia ngoja. Wakangoja, na kabla hakujapambazuka ndama akasimama kwa miguu yake. Na kwamba miaka minne sasa hajamwona baba huyo.

Wakalimani husema mimi wanapotafsiri, hiyo ndiyo kazi yao. Kwa hiyo watu ishirini na kitu wa Guangzhou walikuwa wanajua kwamba Sufian ana baba wa ajabu na amemkumbuka sana. Sufian akamtazama Swalha, aliyekuwa anajifanya kusoma kibao. Macho yake yalikuwa mekundu bado.

Saa sita matembezi yakaisha, wakarudisha kofia. Swalha alikuwa amebeba chapati na mayai ya kuchemsha, maana vibanda vya pale karibu vyote vilinukia nguruwe. Walikaa kwenye benchi kivulini. Akamenya yai, akampa, na Sufian akalishika bila kulila.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu Zhanxi, siku ya kwanza. Ulimwambia yule mama wa viatu kwamba Mikumi kuna chui milia."

"Kwani hakuna?"

"Afrika nzima hakuna, Sufian."

Sufian alilitafakari hilo. "Sasa wewe ukamwambia nini?"

"Nyati."

Na kwa kuwa mlango ulikuwa umeshafunguka, alitaka kujua na mengine. Yule mzee Chen wa mikanda, Shiling, ambaye kila mwaka mpya wa Kichina humpa mfuko wa machungwa: aliambiwa nini siku ile Sufian aliposema mkanda wake hata mbuzi hafungiki nao? Swalha akakumbuka. Alimwambia mzee Chen kwamba mteja wangu anaujua mkono wako, na mkanda huu haukupita mkononi mwako. Mzee aliona haya, akatoa mwingine alioutengeneza mwenyewe. Na tajiri wa nguo wa soko la Shisanhang aliyeitwa mwizi? Huyo aliambiwa kwamba Sufian ana dada wengi na angependa kuwabakizia kitu.

Sufian akaweka yai chini. Alikuwa mtu wa kucheka, na alijaribu, kikatoka kitu kingine.

"Kumbe kuna Sufian wa Kichina," akasema. "Na ni mtu mzuri kuliko mimi."

"Ana adabu kidogo."

"Mwalimu, usinitafsirie na mimi. Miaka miwili umekaa ukimtengeneza yule. Kama kuna unayemsikiliza kwa kidevu mkononi, ni yeye. Mimi wa Tandika sina twiga, sina Mikumi, hata baba yangu leo umemvunja mguu."

Swalha aliwapungia mkono bibi wawili wa kundi lao waliokuwa wanapita.

"Lifti ya mzee Chen ilipokufa akiwa na homa, nani alimbeba mgongoni ghorofa nne?"

"Hiyo ilikuwa dharura."

"Nakuuliza mimi nilitafsiri nini pale." Akafuta mikono kwa kitambaa. "Maneno ni yangu, sikatai. Lakini mtu wa kuvikwa maneno hayo nilimkuta tayari. Kuna wateja nimejaribu kuwatengeneza mwaka mzima, ukivua Kichina ndani hamna mtu."

Neno lililogeuza kooni wiki mbili likapata njia. Sufian hakulipamba, hakuwa na mkalimani. Alisema anataka kumwoa, na kama hataki aseme sasa hivi wakiwa na chapati, kabla ya safari ya treni. Swalha akasema barua iende Voi kwa baba yake. Alivyosema ungedhani anamwelekeza duka la pili kushoto.

Furaha ya Sufian iliishi kiasi cha kumeza tonge moja. Halafu akilini akamwona yule mzee wa twiga, baba yake Swalha, askari wa wanyamapori, anachechemea kuja kuipokea barua, na akauliza kwa sauti ndogo kama baba anajua lolote kuhusu Mikumi. Swalha akatazama pembeni. Anajua yote. Kila Ijumaa wakiongea kwenye simu, kabla hata ya kuuliza afya yake, mzee huuliza yule kijana wa Mikumi wiki hii kamwona nani. Kwa chui milia alimwaga chai kwa kucheka. Kwa chatu aliyemeza kiti cha mtalii alimwita jirani.

Sufian alishika kichwa. Akaanza kupanga, haraka, kama anayepakia kontena siku ya mwisho. Barua isubiri. Atarudi nyumbani kwanza, aende Mikumi kweli, akae wiki, la, mwezi, asome vitabu, azungumze na askari wa huko, ili siku ya kukaa mbele ya mzee awe na la kusema. Baada ya Ramadhani. Au mwakani, mwakani ni bora. Swalha akasema hapana. Sufian akasema yeye haelewi, mzee kama yule hawezi kumpa binti mtu aliyemdanganya kila Ijumaa kwa miaka miwili, atamla mbichi.

Swalha alimrudishia yai mkononi, akalifunga kwa vidole vyake.

"Baba amekaa na simba miaka thelathini, na wote walimzoea," akasema. "Mwongo mmoja hatamshinda. Andika barua."